Osha, Takasa, Suuza: Maoni Juu ya Lugha ya Utunzaji wa Matangi ya Maji Katika Magari ya Safari

Katika uundaji wa istilahi, mara nyingi tunahangaikia vitu kuliko vitendo. Tukishakubaliana kwamba chombo hiki kiitwe tangi, kile pampu na kingine chujio, tunaona kazi imekwisha. Lakini fundi hasomi maelekezo ili ajue majina ya vitu. Husoma ili ajue la kufanya. Kwa hiyo kitenzi kilichochaguliwa vibaya huweza kudhuru kuliko jina lililokosewa.

Mjini Arusha tumepata kuona gari moja la utalii, miongoni mwa yale yanayokaa porini siku kadhaa, likiwa na tangi la plastiki la lita 60 nyuma ya viti. Ubavuni mwa tangi hilo palibandikwa karatasi yenye maelekezo haya: "1. Safisha tangi. 2. Safisha kwa klorini. 3. Safisha tena. 4. Jaza maji safi." Kisarufi, maelekezo hayo hayana kosa. Ni mafupi, na kila dereva atayasoma bila taabu. Hata hivyo, twasema kwamba hayafai, na ubovu wake umo katika kitenzi kimoja kilichotwishwa kazi tatu zisizofanana.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Maji yakikaa siku nyingi ndani ya tangi, hasa penye joto, kuta zake huota utando wenye utelezi. Vijidudu hujificha katika utando huo, na uchafu wowote uliobaki huimaliza nguvu klorini kabla haijawafikia. Ndiyo sababu utando hauna budi kusuguliwa na kutolewa kwanza.

Kazi ya pili ni kuua vijidudu. Hapa kinachotakiwa si nguvu za mkono, bali kipimo na muda. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 50 za klorini kwa kila lita ya maji, nayo iachwe ndani kwa muda wa saa 4. Kwa tangi la lita 60 lililojazwa maji, mililita 60 za dawa ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5, zatosha. Koki hufunguliwa mpaka harufu ya klorini isikike, ili dawa ifike katika pampu na mipira pia.

Kazi ya tatu ni kusuuza, yaani kumwaga maji hayo yote na kupitisha mengine mpaka harufu iondoke.

Sasa tumfikirie dereva anayesoma "safisha kwa klorini". Atafanya alivyozoea kila anaposafisha chombo: atamimina dawa, atatikisa, atamwaga. Saa 4 zimegeuka dakika 4. Naye hakukaidi, ametii kitenzi alichopewa. Aidha, kitenzi hicho hakimzuii mwingine kutia siki ili kuondoa chokaa, kisha kuongeza klorini humo humo, ilhali mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Siku ya tatu ya safari, mbali na zahanati, watakaougua matumbo ni abiria wake na yeye mwenyewe.

Je, neno lipi litumike kwa kazi ya pili? Wapo wanaolipinga neno "takasa" kwa hoja kwamba ni neno la ibada. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, vitakasa mikono vilienea madukani na majumbani, na hatukumsikia mtu aliyevidhania kuwa vifaa vya ibada. Umma umekwisha kuamua. Twapendekeza, basi, "osha", "takasa" na "suuza", kwa mfuatano huo, na kila penye "takasa" pawepo kipimo na muda. "Osha" na "suuza" hayahitaji kuundwa. Yamo jikoni mwetu siku zote.

Limebaki neno "safi" katika mstari wa nne. Tumezoea kusikia "maji safi na salama", na wengine hudhani kwamba neno la pili ni pambo la la kwanza. Sivyo. Usafi huonekana kwa macho, usalama hauonekani. Arusha yenyewe ni shahidi, kwani baadhi ya vyanzo vyake vya maji vina floraidi nyingi, ingawa maji yake yang'aa. Klorini haiiondoi floraidi hiyo, wala kuchemsha hakuiondoi.

Karatasi ile ingeandikwa hivi: "1. Osha tangi kwa kusugua ndani, usitie siki. 2. Takasa: jaza maji, tia mililita 60 za klorini ya asilimia 5, fungua koki mpaka harufu isikike, acha saa 4. 3. Mwaga, kisha suuza mpaka harufu iishe. 4. Jaza maji yaliyothibitishwa kuwa salama kwa kunywa."

Maelekezo yamerefuka, lakini dereva hakuachiwa jambo la kubahatisha. Madereva na mafundi wenye maneno bora kuliko haya twawaomba wayalete, kwani kazi hii ni yao kabla ya kuwa yetu.