Kitambaa Ndani ya Kopo

Asubuhi za Juni Sumbawanga zina baridi ya kuuma masikio, na mzee yule hakugusa polishi kabla ya saa nne. Alinoa patasi, akafagia kibanda, akamwagia maji sakafu ya udongo ili vumbi litulie. Siku ya kwanza nilipomuuliza anangoja nini, alinyoosha kidole kuelekea milima ya Mbizi, ambako jua lilikuwa bado linajivuta.

Alikereza kalamu za mninga. Ufipa juu ni nchi ya nyasi na upepo; mninga wake ulitoka mbali, kwenye misitu ya miombo ya upande wa Mpanda, nao ulimfikia kama masalia tu, vipande ambavyo maseremala wa Majengo walivitupa walipomaliza vitanda na milango. Kukereza kalamu moja alikumaliza mapema. Siku iliyobaki yote ilikuwa ya kung'arisha, na ndiyo niliyokuwa naifuata pale.

Alianza na msasa mkali, akaja mlaini, akaja mlaini zaidi mpaka namba 600. Kila alipobadili msasa alisimamisha keezo, akasugua kwa mkono kufuata nyuzi za mti, ili mikwaruzo ya mviringo isibaki hata mmoja. Kisha alifuta vumbi kwa spiriti. Hapo mti ulilowa, na kwa muda mfupi kabla spiriti haijaruka ukaonyesha rangi yake ya kweli: wekundu wa asali iliyokolea, wenye michirizi ya kahawia. Halafu ukafifia tena. Yeye alitabasamu kila mara, kama mtu aliyemwona nduguye dirishani akajua yumo ndani.

Baadaye alifungua kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kilikaa kitambaa: pamba iliyoviringwa ndani ya kipande cha fulana kuukuu, ukubwa wa ndimu. Alikinywesha shelaki, yale magamba ya rangi ya chai yanayotokana na wadudu wa India, aliyokuwa ameyaloweka kwenye spiriti tangu jana yake. Juu akadondosha tone la mafuta ya alizeti ili kisinate. Keezo likazunguka, kitambaa kikagusa na kuondoka, kikagusa na kuondoka. Angekawia, joto la msuguano lingerarua tabaka la chini; angeharakisha, tabaka jipya lisingeshika. Siku moja nilihesabu: alirudia mara 19. Mwisho kabisa akapitisha nta ya nyuki, iliyotoka misitu ileile ya mninga.

Kalamu iliposimama, dirisha la kibanda lilikuwa ndani yake. Uzi mwembamba wa nuru ulilala juu ya mti kutoka ncha hadi ncha, haukukatika wala kuyumba popote. Mtoto aliyepita nje na ndoo ya maji alipita pia ndani ya kalamu, mdogo kuliko punje ya ulezi. Nimeona majumba ya vioo tangu siku ile. Hakuna lililowahi kunishika pumzi kama mtoto yule na ndoo yake.

Siku za mvua hakupokea kazi ya mtu. Unyevu ukiingia, polishi huganda na ukungu mweupe, na waliokuja na haraka zao aliwarudisha kwa upole na pesa zao mkononi.

Sisi si wageni wa kazi hii. Hata neno msasa ni jina la mti, mti ambao majani yake yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa pwani walilainishia mbao kwa majani hayo kabla karatasi ya dukani haijalirithi jina. Na vanishi? Karne ya 19 sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, ilichimbwa ardhini pwani ya Mrima, ikapitia Unguja na kuvuka bahari hadi Salem, Marekani, ikawa vanishi bora ya kung'arishia magari ya farasi ya matajiri. Mng'ao wa dunia ulichimbwa kwetu. Leo tunaununua ndani ya mkebe, na hata huo tunaupaka vibaya.

Huku Ufipa kwenyewe, wazee waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo ndefu kumzidi mtu, zilizovuta upepo zenyewe bila mivuo. Lakini chuma cha tanuru kubwa hakikuhesabiwa kuwa chuma bado. Kilipelekwa kwenye tanuru ndogo, kikachomwa upya kwa mivuo hadi takataka zitoke, ndipo mhunzi akakigusa. Nilipokuwa nikimtazama mzee na kitambaa chake niliiona tanuru ile ndogo.

Sasa tazama meza tunazonunua. Alama za msumeno zinaonekana chini ya vanishi, matone yamegandia miguuni, na ukipitisha kiganja unatoka na kibanzi. Kuna mti mweupe unaosilibwa dawa nyeusi ya viatu na kuuzwa kwa mgeni kwa jina la mpingo, na jasho la mkono wake litamwambia ukweli kabla hajafika nyumbani. Hayo yananiuma kuliko umaskini wa vifaa, kwa sababu pamba, fulana kuukuu na tone la alizeti havijawahi kuadimika Sumbawanga. Kilichoadimika ni mtu wa kungoja saa nne.

Nilirudi Agosti iliyopita. Kibandani panauzwa vocha, na kijana wa pale aliniambia mzee alichukuliwa na wanawe, ameacha vitu vyake uani. Keezo lilikwisha kuuzwa. Kopo la maziwa nililikuta chini ya mabati, kifuniko chake kikiwa kimepotea. Mzee alikuwa akikifunga kila jioni, akikikaza kwa viganja viwili, maana kitambaa kikipata hewa spiriti huruka. Nilikitoa. Kilikuwa kigumu kama jiwe la mto, na upande mmoja, pale kilipozoea kugusa mti, bado kilikuwa kinang'aa.