Semiotiki katika Hifadhi ya Video: Kazi ya ESCoM, Paris

Semiotiki, yaani elimu ya ishara, iliingia katika uhifadhi wa video kwa sababu orodha ya maneno muhimu haitoshi. Tuseme mwanaanthropolojia amerekodiwa ofisini akieleza matambiko ya mazishi. Picha inaonyesha meza na rafu za vitabu. Matambiko yamo katika maneno tu. Katalogi ikiandika “mazishi” na kuishia hapo, anayetafuta picha za mazishi atafungua faili na kumkuta mtu amekaa kitini.

Msingi wa kutenganisha mambo hayo uliwekwa na mhakiki Mfaransa Roland Barthes mwaka 1964, alipochambua tangazo la tambi za Panzani, lenye pakiti, kopo, nyanya na vitunguu vikichomoza kwenye mfuko wa nyavu. Aliona humo jumbe tatu: wa maneno, wa vitu vyenyewe vinavyoonekana, na wa maana za kitamaduni zinazobebwa na vitu hivyo, kama vile dhana ya Uitaliano. Uchambuzi huo ulikuwa insha ya mtu mmoja mwenye jicho kali. Haukumpa mwingine utaratibu wa kuurudia kwa maelfu ya picha.

Utaratibu ndio uliotafutwa na mtaalamu wa semiotiki Peter Stockinger na kikundi cha utafiti cha ESCoM, katika Fondation Maison des sciences de l’homme mjini Paris, wakijenga juu ya semiotiki ya mwanaisimu Algirdas Julien Greimas. Tangu mwaka 2001 walikuwa na hifadhi ya mahojiano, mihadhara na makongamano ya watafiti, hivyo tatizo la mtu aliyekaa kitini lilikuwa mkate wao wa kila siku.

Video kwanza iligawanywa katika vipande kwa kuweka alama za muda, faili lenyewe lisiguswe. Kila kipande kikajaziwa kielezo chenye nafasi tofauti: mada inayozungumzwa, pamoja na mahali na wakati wake, namna msemaji anavyoishughulikia, awe anaitambulisha, anailinganisha au anaipinga, kisha jinsi picha na sauti zinavyoiwasilisha. Mazishi yakaingia kwenye nafasi ya mada, rafu za vitabu kwenye ya picha, na mtafutaji akaweza kuuliza juu ya mojawapo bila kuvurugwa na nyingine.

Nafasi hizo hazikubuniwa upya kwa kila video. Zilitokana na msamiati wa dhana zilizopangwa kwa ngazi, sehemu moja ikitaja vitu vinavyochambuliwa, nyingine ikitaja vitendo vya uchambuzi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo mchango mkubwa zaidi wa semiotiki hapa. Ontolojia nyingi za kompyuta, yaani mifumo ya dhana inayotumiwa na programu, hueleza ulimwengu kana kwamba hakuna anayeutazama. Kielezo cha Stockinger kinaandika pia maelezo kuhusu uchambuzi wenyewe. Wachambuzi wawili wakitofautiana juu ya kipande kimoja, tofauti yao inabaki kwenye rekodi badala ya kuhesabiwa kuwa kosa la data.

Gharama ya utaratibu huu ni saa za kazi ya binadamu. Programu za kutambua picha hupunguza mzigo katika ngazi ya vitu vinavyoonekana, lakini kwenye mhadhara wa ofisini zitarudisha meza, uso na vitabu. Kwa hiyo hifadhi hulazimika kuchagua: video nyingi zipewe maelezo mafupi ya jumla, na chache tu zichambuliwe kipande kwa kipande.