Wekundu Uliozimia: Jinsi Pikapu Kongwe Ilivyorudishiwa Rangi Yake

Katika mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, chini ya mwembe ambao kivuli chake kimekuwa karakana kwa miaka mingi, niliiona pikapu moja aina ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, mali ya mzee mmoja wa Pangani aliyeitumia muda mrefu kupakia nazi na samaki, ikiwa imepauka kiasi kwamba mtu asiyeijua zamani angeapa kuwa haikupata kuwa nyekundu. Boneti ilikuwa na rangi ya waridi lililonyauka, paa lilikuwa na madoa ya kijivu yaliyotawanyika kama visiwa, na milango ilikuwa na ukungu mweupe ulioacha unga juu ya kiganja cha kila aliyeigusa. Majuma matatu baadaye wekundu wake ulikuwa umerudi; nami, kwa kuwa nilipata bahati ya kuhudhuria sehemu kubwa ya kazi ile, naona ni wajibu wangu kueleza namna ilivyofanyika, maana ndani yake mna tadbiri ambayo mafundi wengi huipita kwa haraka, na wenye magari ndio wanaolipia gharama ya haraka hiyo.

Nami ni miongoni mwa waliolipa. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari langu kwenye karakana moja, nikaahidiwa kulikuta jipya baada ya siku mbili, na kweli nikalikuta linang'aa. Kumbe rangi ile ilipulizwa juu ya nta isiyooshwa na kutu isiyong'olewa, hata masika yalipoingia ikaanza kuvimba vipele, vipele vikapasuka, na mwisho nikawa naibandua kwa kucha, vipande vipana kama maganda ya ndizi. Tangu hapo siwezi kutazama gari lililopauka bila kujiuliza swali ambalo fundi wa Ngamiani alianza nalo: je, rangi hii imekufa, au imezimia tu?

Ili kulijibu hakushika bunduki ya kupulizia, bali kitambaa cheupe cha pamba. Baada ya gari kuoshwa kwa sabuni na maji matamu mengi, ili chumvi ya bahari itoke hata katika mifereji ya paa, alitia polishi kidogo juu ya kitambaa, akasugua sehemu ya chini ya mlango, na kitambaa kikageuka chekundu. Ishara hiyo ilimtosha. Magari mengi ya kazi ya zama zile yalipakwa rangi ya tabaka moja, ambayo ndani yake wekundu na mng'ao vimechanganyika pamoja, ilhali magari ya baadaye aghalabu yana tabaka mbili, ya chini yenye rangi isiyong'aa, na ya juu ya vanishi angavu isiyo na rangi. Kitambaa kikiwa chekundu, maana yake unagusa rangi yenyewe, na rangi yenyewe yaweza kusuguliwa mpaka ukafika penye uhai. Lakini kama kitambaa kingebaki cheupe na uso ungekuwa ukibambuka magamba, basi vanishi ndiyo iliyokufa, wala hakuna polishi iwezayo kuirudisha. Wako watu wanaopoteza siku nzima kusugua vanishi iliyobambuka kwa sababu hawakutenga dakika moja ya kufanya jaribio hili.

Yafaa hapa kueleza kupauka ni nini hasa. Rangi ya gari ni chembe ndogo mno zilizofungwa ndani ya utomvu mgumu, na utomvu huo ndio unaozishikanisha na kuupa uso mng'ao. Mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ikisaidiwa na joto na unyevu, huukatakata utomvu kidogo kidogo kuanzia juu, hata chembe za juu zikabaki wazi, zikawa unga. Baina ya chembe hizo huingia hewa, na mwanga ufikapo pale hutawanyika huku na huku badala ya kuzama ndani na kurudi na wekundu. Ndiyo sababu jicho huona weupe. Mtu wa pwani ameyaona haya tangu utotoni, kwani mchanga mkavu wa ufukweni huwa mweupe, na wimbi likiupitia hukoza mara moja, si kwa kuwa mchanga wenyewe umebadilika, bali kwa kuwa maji yamejaza mahali palipokuwa na hewa.

Kwa sababu hiyo hiyo fundi, kabla ya kukata chochote, aliipaka milango na kuta za sanduku la nyuma polishi laini yenye mafuta mengi, akaisugua kwa mkono mpaka ikazama, kisha akaiacha usiku kucha. Asubuhi wekundu ulikuwa umekoza kwa namna iliyomshangaza mwenye gari, akataka kazi iishie hapo.

"La, mzee wangu," fundi akamwambia, "haya ni maji juu ya mchanga. Yakikauka, weupe utarudi."

Mafuta yale hayakuwa tiba; yalikuwa maandalizi tu, ili uso mkavu usichanike chini ya msuguo na wekundu usitoke mwingi kuliko inavyolazimu. Ndipo akaanza kuiondoa tabaka iliyokufa kwa dawa ya kukata ambayo mafundi huiita kompaundi, kwanza kwa mkono, halafu kwa mashine ya kuzunguka polepole, akifunika kwa karatasi ya gundi kila ukingo na kila mkunjo wa bati, kwa kuwa pale rangi huwa nyembamba na mashine huipenya kufumba na kufumbua. Msasa wa maji namba 2000 aliutumia mahali pachache tu penye mikwaruzo. Aliuogopa, na hofu yake ilikuwa ya haki: rangi ya kiwandani yote pamoja, toka praima, yaani rangi ya msingi, hadi juu, aghalabu ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na wekundu wenyewe ni fungu tu la unene huo, hivyo kila msuguo ni matumizi ya akiba isiyoongezeka. Kila baada ya dakika chache alisimama, akafuta, akatazama. Na penye mng'ao wa kutosha hakupagusa tena, ijapokuwa mwenye gari alimhimiza azidishe.

Boneti na paa, hata hivyo, havikuwa na cha kufufuliwa. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hukaribia kusimama wima juu ya nyuso zilizolala, huku umande wa alfajiri ukikaa juu ya nyuso hizo hizo. Milango iliyosimama hupata nafuu ambayo paa haliipati. Wekundu ulikuwa umeliwa mpaka praima ya kijivu, na kando ya mfereji wa paa kutu ilikuwa imetoboa bati. Hapo fundi hakusita. Alikata sehemu iliyooza, akachomelea kiraka cha bati jipya, akaikwangua kutu iliyobaki mpaka chuma kikameta, na vishimo ambavyo msasa haukufika akavitia asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kutu kuwa utando mweusi. Kisha akaiosha asidi yote na kukausha kabisa, jambo ambalo wengi hulidharau, kwa maana mabaki ya asidi hudhoofisha mshiko wa praima ya epoksi ijayo juu yake. Puti ilikuja baada ya praima hiyo, tena nyembamba, na aliisawazisha kwa msasa mkavu, kwa kuwa puti mbichi hunywa maji kama sifongo, na maji yaliyofungiwa chini ya rangi hurudi kudai haki yake kwa sura ya malengelenge.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi nzima, nalo ni kuulinganisha wekundu mpya na wa zamani. Ndani ya chumba cha injini mna kibati chenye herufi C/TR, na mbele yake namba ya rangi. Lakini namba hiyo hueleza rangi kama ilivyotoka kiwandani, si kama ilivyofanywa na miaka. Fundi mwenye pupa angelinganisha boneti mpya na mlango uliopauka, akapata wekundu wa uongo ambao siku ya kusuguliwa mlango ungeumbuka. Huyu aliifufua milango kwanza, ndipo akachanganya. Akaanzia na rangi ya namba ile, akaipulizia kadi ndogo, akangoja ikauke, kwa kuwa rangi mbichi na rangi kavu si moja, akaibandika mlangoni na kuitazama juani, kisha kivulini, kwa sababu rangi mbili zaweza kupatana chini ya mwanga mmoja na kukosana chini ya mwingine. Alitia tone la njano, akapuliza kadi nyingine. Akazidisha rangi ya udongo kidogo mno, akapuliza ya tatu. Kadi ya sita ndiyo iliyopotea machoni ilipowekwa juu ya mlango. Aidha, kwa kuwa rangi nyingi nyekundu hazisitiri vizuri kilicho chini yake, alihakikisha praima ya paa lote ni ya kijivu kimoja, kwani kiraka cha rangi tofauti kingechungulia hata chini ya mikono mitatu ya rangi.

Kupuliza kwenyewe kulichukua nusu saa na kidogo, lakini kungoja siku ya kupuliza kulichukua siku nne. Thina ikiruka haraka huupoza uso wa bati, kama jasho lipozavyo ngozi, na hewa ikiwa imeshiba unyevu, maji hutua juu ya rangi mbichi na kuacha weupe uliovia. Alingoja asubuhi kavu, umande umekwisha kuondoka na upepo wa bahari haujaamka; akamwaga maji chini kuzuia vumbi, akatoa maji yaliyojikusanya katika kompresa, akaishika bunduki umbali wa shubiri moja, akapitisha kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Mpaka wa rangi mpya aliuweka kwenye mfereji wa paa na kwenye kingo za boneti, mahali ambapo jicho limezoea kuona mwisho wa kitu.

Jambo moja lilinihuzunisha, na sitalificha. Rangi hizi zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuzigandisha, zina isosayaneti, kemikali iwezayo kumwachia mpulizaji pumu ya maisha; na kijana aliyemsaidia fundi alikuwa amejifunga leso puani. Leso haizuii mvuke. Fundi mwenyewe alikuwa na barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, iliyo bora kuliko leso, lakini kinachotakiwa hasa ni barakoa iletewayo hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Nilimwomba amwondoe kijana pale, naye kwa insafu yake akamwondoa. Natamani kila mwenye gari aulize habari ya barakoa kabla ya kuuliza bei.

Mwisho milango ilipakwa nta ya kanauba, itokanayo na majani ya mtende wa Brazili. Paa na boneti havikupakwa, ili rangi mpya ipate majuma kadhaa ya kukomaa bila kuzibwa.

Baada ya masika mzee alipanda kutoka Pangani, nami nikapita pale mwembeni. Fundi alichukua kitambaa cheupe, akafuta paa, kikabaki cheupe. Akafuta mlango, kikapata wekundu hafifu, kama wa midomo ya mtafuna tambuu. Hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na kopo la nta.