Kuipima Riwaya ya Kijicho Baina ya Marafiki

Anayetaka kujua kama riwaya ya vijana wawili marafiki imeandikwa kwa ufundi asianzie kwenye tukio la kuombana radhi, maana kumliza mhusika si kazi ngumu. Aulize kwanza: kijicho kinaonekana wapi kabla mwenyewe hajakikiri? Katika A Separate Peace ya John Knowles, iliyotoka mwaka 1959, Gene na Phineas, ambaye wenzake humwita Finny, wanasoma shule ya bweni huko New Hampshire, Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Finny anavunja rekodi ya shule ya kuogelea, shahidi akiwa Gene peke yake, kisha anamsihi asimwambie mtu. Ushindi wa kutangaziwa watu Gene angeweza kushindana nao. Huu usiotaka makofi hauna pa kushikwa. Basi anajitungia sababu: Finny anamvuta michezoni ili aharibu masomo. Hapo kijicho kimevaa vazi la tahadhari, na mwenye nacho anakiamini kwa dhati.

Kipimo kigumu zaidi ni wakati. Mwandishi dhaifu huliweka kosa pale chuki inapofika kileleni. Knowles analiweka baada ya Gene kugundua kwamba mwenzake hakuwa na hila hata chembe: Finny alidhani tu kwamba Gene hujaliwa masomo bila jasho, kama yeye anavyojaliwa michezo. Muda mfupi baadaye, juu ya mti ulio kando ya mto, magoti ya Gene yanakunjika, tawi linatikisika, Finny anaanguka na kuvunjika mguu. Ushindani ulipokuwapo, hata wa kubuni, Gene alijiona yuko sawa naye. Ulipotoweka alijikuta mdogo, na udogo huo ulimshinda kuubeba. Sijui riwaya nyingi za shule zilizothubutu kuliona hili.

Wapo watakaosema kwamba kutotamka wazi kama Gene alikusudia ni kumpunguzia lawama, na kwamba msomaji kijana anastahili kuona mkosaji akihukumiwa. Hoja hiyo ina uzito, ila kitabu chenyewe kinaijibu. Wanafunzi wanaunda mahakama yao usiku, ushahidi unatolewa, na Finny anatoka mbio, anaanguka kwenye ngazi za marumaru, kisha anafariki akitibiwa. Hukumu ilimsahau aliyeumizwa. Ukomavu unaanza kwingine, kabla ya mahakama hiyo, huko Boston, Gene anapokwenda kwa kina Finny kukiri. Finny anakataa kusikia, na Gene anang'amua kwamba ungamo lake linamjeruhi rafiki yake mara ya pili. Anajikuta anapaswa kujua nafuu anayoitafuta ni ya nani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba Finny ni mwema kupita kiasi. Ningelikubali, kama si zile barua. Yeye aliyeshikilia kwamba vita havipo alikuwa akiyaandikia kwa siri majeshi ya nchi mbalimbali, akiomba apokewe na mguu wake ule mbovu. Kumbe naye alikitamani walichokuwa nacho wenzake. Knowles anaichelewesha habari hiyo hadi kitandani kwenye zahanati ya shule, kitabu kikikaribia kwisha, na msomaji makini hana budi kurudi nyuma kusoma upya kila mzaha wa Finny kuhusu vita.