Kalavati Lililojaa Nusu Halipitishi Nusu

Masika yanapokaribia, makatapila hushuka Jangwani, jijini Dar es Salaam, kuchota mchanga chini ya daraja la Barabara ya Morogoro. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini kuchota mchanga bila kukagua mitaro, kingo na makalavati yanayomwaga maji Mto Msimbazi ni kutibu homa bila kupima damu.

Mto huu hutoka vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander. Ukifika Jangwani, ardhi ni tambarare, maji hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wa mchanga. Chini zaidi ipo bahari. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, mto hukosa pa kwenda. Kwa hiyo mkaguzi wa mdomo wa mto huenda na ratiba ya maji mkononi, ashuke wakati wa kupwa, midomo ya mitaro ikiwa wazi.

Kalavati ndilo linalodanganya wengi. Bomba la duara likijaa mchanga hadi katikati, mtu huona nusu imebaki. Hesabu inakataa: njia imepungua kwa nusu, na maji yaliyobaki yanasuguana na kitanda kipana cha mchanga. Uwezo hushuka hadi karibu theluthi moja. Ndiyo maana kina cha tope kipimwe kwa fimbo yenye alama na kuandikwa. Neno “limeziba kidogo” halimsaidii mhandisi.

Kwenye gabioni, vikapu vya waya vyenye mawe vinavyolinda kingo, usitazame juu tu. Maji hula mguuni, chini ya kikapu cha kwanza, na ukuta huanza kuinama kuelekea mtoni. Udongo ukididimia nyuma yake, ujue chembe laini zinatoroka kati ya mawe. Waya wa karibu na bahari huliwa na chumvi, basi uguswe, usiangaliwe kwa mbali. Ukuta wa zege nao una matundu ya kutolea maji. Yakiziba, maji ya nyuma huusukuma hadi upasuke.

Huwezi kukagua usichokijua kilipo. Hapo ndipo ninapoithamini Ramani Huria, iliyoanza 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakipima mitaro, wakaiweka kwenye ramani huru ya mtandaoni, OpenStreetMap, na wenyeji wakaonyesha maji yalipofika. Ila ramani huzeeka. Thamani yake hudumu pale tu vituo vilevile vinaporudiwa kila mwaka.

Na virudiwe lini? Nasema Juni, masika yakiisha tu. Takataka zilizonasa matawini bado zinaonyesha kimo cha maji, mashimo ni mapya, na kuna miezi ya kukarabati kabla ya vuli. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini, hayakungoja masika.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa Mradi wa Bonde la Msimbazi. Lakini mto utakaopanuliwa na mradi huo utaanza kujaa mchanga tena msimu wa kwanza. Halmashauri ziupe kila mtaro na kila kalavati namba, tarehe ya ukaguzi na kipimo cha tope, na orodha hiyo ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, wakazi waisome.