Heko, Wenye Vipando vya Nane Nane

Agosti ikiingia, viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane hufurika: Themi jijini Arusha, Nzuguni Dodoma, John Mwakangale Mbeya, na kile cha Mwalimu Nyerere mjini Morogoro. Wengi hufuata ngoma, spika na nyama choma, na sina ugomvi nao. Pongezi zangu nazipeleka nyuma ya mabanda, kwenye vipando, yaani vishamba vya mfano.

Kipando hakioti kwa hotuba. Ili mahindi yawe yamebeba ifikapo tarehe 8, mbegu lazima iingie ardhini miezi kadhaa kabla, na kiangazi kikishika awepo mtu wa kumwagilia, hata siku zisizo na mgeni wala kamera. Mtu huyo haitwi jukwaani.

Kwenye kipando cha mtu huyo, mkazi wa mjini anayeujua mchicha kwa fungu la sokoni tu huona mboji ikigeuzwa, matandazo yakitunza unyevu, na mikunde iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi ili kurutubisha udongo. Huuliza bila haya: maji ya mwarobaini yanafukuzaje wadudu? Na mkulima wa milima ya Uluguru, aliyezoea kubishana na dalali, humjibu mlaji wake ana kwa ana. Hapo hata bei ya mboga hueleweka.

Kasoro moja: sherehe zikiisha, mageti hufungwa mapema mno. Waheshimiwa wa halmashauri, tuachieni vipando wazi, wanafunzi wetu waje hata Septemba.