Marufuku ya Rosa Mistika: Funzo kwa Busia na Tororo
Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Kikatoliki, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya hiyo ya msichana mwenye jina la sifa la Bikira Maria, anayetoa mimba na hatimaye kujiua, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kukubaliwa baadaye. Waliomlaumu mwandishi waliiona dhambi ya Rosa, wakayapuuza malezi ya Zakaria, baba anayelinda kwa kipigo pasipo mazungumzo. Marufuku yenyewe ilirudia kosa la Zakaria. Mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni. Wateuzi wa vitabu vitakavyosomwa Tororo na pande zote mbili za Busia hawana budi kuihukumu kazi nzima, si ukurasa unaoudhi.